Muziki wa Marehemu Katika Sikio la Mtani

"Rudia," Siwema alisema. "Rudia hapo hapo ulipoishia, wala usipunguze neno."

Mihambo aliganda, kikombe cha kahawa kimeishia karibu na mdomo. Baraza zima la kibanda changu cha filamu likanyamaza, na watu wa Mji Mpya kunyamaza kwa pamoja si jambo la kila siku.

"Nilikuwa nasema tu, shemeji. Maneno ya barazani."

"Maneno gani?"

"Kwamba hawa wote wanabweka." Akawaonyesha kwa kidevu. "Huyu anadai muziki bora wa filamu wa nyakati zote ni aliousikia yeye kwenye filamu ya mapacha. Yule anasema wake, wa ile ya vita. Wanataka kupigana, na hakuna aliyewahi kusikia wa mwenzake. Mimi nikawaambia, kaeni chini. Muziki bora kuliko yote ni wa marehemu Kobelo, kwenye *Treni Haikusimama*. Si sifa hiyo, shemeji? Nimemsifu mume wako."

"Umemsifu. Ahsante. Sasa niambie uliusikia wapi."

Hapo hata mimi niliyekuwa napanga mabenchi ndani nikatoka na ufagio mkononi.

Nisimwache mtu nyuma. Filamu za siku hizi huja kavu: maneno yamo, vishindo vya miguu vimo, mvua imo, muziki hamna. Muziki unapikwa na shanga yako mwenyewe. Na tusielewane vibaya, si zile shanga za kiunoni. Hii ni ndogo kama punje ya choroko, unaibandika kwenye mfupa nyuma ya sikio, inasikiliza mapigo ya moyo wako, na kwa mapigo hayo inakutungia muziki wa kila unachokiona. Wewe peke yako ndiye unayesikia. Watu arobaini wanakaa kwenye kibanda kimoja wakiangalia treni moja, na kila mmoja ana muziki wake kichwani. Filamu ikiisha ndipo makelele yanaanza, wa nani ulikuwa bora. Mtu hana njia ya kuutoa isipokuwa kwa mdomo, basi ndiyo raha ya kibanda changu: Ijumaa jioni mijitu mizima inasimama mbele ya mabenchi inang'ong'a puani, inapiga mapaja, inatetea muziki wake kama wakili.

Marehemu Kobelo hakuwahi kusimama. Wakimlazimisha alisema, "Wangu hauimbiki," akainuka, akamshika Siwema mkono wakaenda zao.

"Nimekuuliza, mtani," Siwema alisema. "Uliusikia wapi?"

"Kwenye matanga," Mihambo akasema polepole. "Si niliivaa? Si wote mliniona? Mlicheka wote."

"Uliivaa mpaka filamu ikaisha?"

"Mpaka ikaisha."

Siwema aliweka ndoo yake chini. Alikuwa ametoka eda siku iliyotangulia, bado anakunja macho kwenye jua kama mtu aliyetoka pangoni.

"Miezi minne na siku kumi sikuigusa," alisema, na sasa alikuwa anasema na sisi sote. "Ustadhi alisema shanga ni pambo, mwanamke wa eda havai pambo. Nikasema sawa. Nitasubiri. Kila siku naitazama, nasema subiri. Jana nikaoga, nikafukiza udi, nikakaa kitandani, nikawasha ile filamu, nikaivaa. Mnajua nilimkuta nani? Nilimkuta mtu mwenye afya. Moyo unatembea kama askari wa gwaride. Nikaivua kabla treni haijafika daraja la kwanza. Nimekesha najiuliza, huyu nani ameingia humu? Kumbe ni wewe, Mihambo. Wewe, mtani, nimekukuta kitandani kwangu."

Mtu mmoja nyuma alitaka kucheka, akapigwa kiwiko.

"Shemeji, mimi ni mtani wenu! Nilikuwa nafanya kazi yangu!"

"Ulikuwa mtani. Kuanzia leo ni jirani. Na mlango wangu usiukanyage."

Akabeba ndoo yake akaingia kwake. Mlango ukafungwa, kisha tukasikia na komeo.

Baraza likabaki linamtazama Mihambo. Yeye Mnyamwezi, Kobelo Mluguru, na Mnyamwezi na Mluguru hawasusiani. Mtani akikutukana unacheka, akikunyang'anya unacheka, akija msibani kwako akiwa amevaa kofia ya maiti unacheka huku machozi yanakutoka, maana ndiyo kazi yake, kukuonyesha kwamba kifo hakikumaliza kila kitu. Sikuwahi kusikia mtu ameufunga utani kwa komeo.

Kahawa ya Mihambo ilikuwa imepoa. Aliinywa hivyo hivyo, akaenda.

*

Siku ya matanga mimi mwenyewe ndiye niliyepeleka shuka na mashine. Mtaani kwetu ndiyo desturi siku hizi, tukitoka kuzika tunatundika shuka uani tunaonyesha filamu aliyoipenda marehemu, watu wasikae wakitazamana tu. Ya Kobelo nani hakuijua? Dereva wa treni breki zimemkatikia, anapita kwenye stesheni ya kwao bila kusimama, na mkewe amesimama na chupa ya chai. Ameiangalia kwangu mpaka nilikuwa naiweka kabla hajaniomba.

Filamu ilipoanza tu, Mihambo akajitokeza amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, ndala za marehemu zinamzidi kisigino. Akatembea kama Kobelo, bega moja chini. Akakataa chakula kama Kobelo, "Nimeshiba, nimeshiba," huku anatazama sahani. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akaiona shanga juu ya meza, akaichukua, akaibandika sikioni. Shemeji zake Siwema wakapiga kelele, shanga ya mtu haivaliwi, ni kama mswaki! Na kutoka nyuma ya pazia walipokaa wanawake tukasikia sauti ya Siwema mwenyewe, bado ana kicheko cha ile habari ya ndala: "Mwacheni. Ni mtani."

Basi tukamwacha.

Mihambo akakaa kwenye benchi la mbele, akanyamaza kimya. Hakujikuna. Hakugeuka. Na sisi, Mungu atusamehe, tukacheka zaidi, maana Kobelo naye alikuwa hivyo hivyo, ukimsemesha katikati ya filamu hakujibu. Tukasema Mnyamwezi leo kapatia. Filamu ikaisha, shanga ikakombolewa kwa jogoo kama ilivyo ada, ikarudishwa mezani. Hakuna aliyemuuliza alisikia nini, kwa kuwa hakuna aliyefikiri alikuwa anasikia.

*

Asubuhi ya Jumamosi Siwema alikuja kibandani kwangu na shanga imefungwa kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nimemwita Leokadia, fundi wa shanga wa sokoni, mama mmoja mwenye miwani minene na mdomo usiojua kuzungusha maneno.

Leokadia aliiweka shanga kwenye kisahani chake chenye taa, akaiinamia hadi chai yake ikaota utando.

"Da' Mwanne, huyu bibi ameshaelezwa shanga inavyokaa?"

"Mweleze wewe," nikamwambia. "Mimi nauza tiketi tu."

"Haya. Mama, shanga si simu. Haina picha iliyowekwa ndani ukaifungua ukaikuta vile vile. Shanga ni kiatu. Inashika umbo la mguu unaoivaa. Marehemu ameivaa miaka, ikashika umbo lake. Akaja mtu mwingine akaivaa filamu nzima, ikaanza kushika umbo la huyo."

"Kimevaliwa na mguu mwingine," Siwema alisema.

"Kimevaliwa. Kinachotangulia kuondoka ni mapigo. Mume wako alikuwa na moyo wa namna gani?"

Siwema alinyoosha mkono, akaweka kidole mezani, akagonga. Ti, ti, ti, ti. Kimya. Titi. Akaanza tena. Alikuwa anagonga bila kufikiri, kama mtu anayepembua mchele.

"Ulikuwa unajikwaa," alisema. "Nimelala juu yake miaka tisa. Na tukiwa hapa kibandani, alikuwa ananigongea kiganjani, hivi, kwa kidole, muziki wake ukimjia. Sikuwahi kusikia sauti yake. Nilikuwa nasikia kujikwaa tu. Nikimuuliza filamu ilikuwaje anasema, nzuri. Neno moja. Miaka tisa, nzuri. Nikajisemea, ipo siku nitasikia mwenyewe alichokuwa anakisikia."

"Hospitali hamkwenda?"

"Alisema ni mzaha wa moyo. Anasema, hata moyo wangu una watani. Mpaka siku uliposimama."

Leokadia alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na kitu.

"Mapigo yake hayamo tena, mama. Sauti bado imo. Ule wimbo wenyewe haujahama, umebaki na mwendo wa mtu mwingine."

"Si uutoe basi!" nikaingilia. "Uweke kwenye spika, tusikie."

"Shanga haina pa kutolea. Da' Mwanne, unasahau? Siku zile walipozileta walisema muziki wa moyo wa mtu ni mali ya mwili wake, usiuzwe, usiibwe. Kesi ikaenda mpaka mahakama kuu, wakashinda, na sisi tukapiga makofi barabarani. Bila moyo wa mtu hai nyuma yake shanga haitoi hata mlio."

Tulipiga makofi kweli. Mimi nilipiga na sufuria. Hakuna aliyeuliza mwili ukifa itakuwaje.

"Nikiivaa mimi?" Siwema aliuliza.

"Ukiivaa wewe, na moyo ulio nao leo, itakufuata wewe. Haitangoji hata filamu iishe. Utakuwa unajisikia mwenyewe unalia."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania kamba.

"Ila naweza kukusaidia," Leokadia akasema, na nilimwona anaogopa kusema. "Kuna kifaa cha kutengeneza mapigo. Unagonga mezani, nanukuu, natia kujikwaa pale pale kulipokuwa. Unaivaa, kifaa kinaisemesha badala ya moyo wako. Itafanana. Wateja wengi wanafanya na hawajutii."

Siwema aliondoa mkono mezani.

"Mtu akifa nyumbani kwako, fundi, ukamkalisha kwenye kiti, ukamfunga kamba mkononi, ukawa unaivuta ili akupungie. Utasema amekusalimia?"

Leokadia akavaa miwani.

"Basi imebaki njia moja, na hutaipenda. Yuko mtu ambaye shanga imeshamzoea. Akiivaa yeye haitahangaika sana, itamwimbia wimbo kama ulivyo, na yeye auimbe kwa mdomo, wewe usikie. Lakini ikifika mwisho wa filamu itakuwa imekuwa yake kabisa. Humo ndani hutampata tena mume wako hata chembe."

"Na nisipofanya?"

"Itabaki hivyo hivyo. Wimbo wake umo humo, na hautasikika na mtu yeyote mpaka mwisho wa dunia."

Siwema alikaa akiitazama ile punje ndani ya kisahani. Mimi nimezoea kuamua kesi za watu: ugomvi wa wake wenza, nani kamwaga maji machafu kwa nani. Hili halikuwa na upande wa kuushika. Akae na kitu kizima asichoweza kukisikia, au akisikie mara moja kutoka kwenye kinywa cha mtu aliyekiharibu, kisha kiishe.

"Da' Mwanne," alisema mwisho. "Nenda kamwite jirani."

*

Cherehani ya Mihambo ilikuwa imefunikwa. Alikuwa amekaa kizingitini, ameshika suruali ya mtu ambayo hakuwa anaishona.

"Siendi," alisema nilipomaliza kueleza.

"Anakuita mwenyewe."

"Ndiyo maana siendi. Da' Mwanne, mimi kazi yangu kuchekesha. Nikienda pale nikafungua mdomo nitaimba kama mbuzi, na ndivyo atakavyomkumbuka mume wake maisha yake yote. Kama mbuzi."

"Ulisema ni muziki bora wa nyakati zote."

"Nilisema." Alikunja suruali, akaikunjua. "Mnadhani nilikaa kimya siku ile nafanya utani. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nacho tayari mdomoni. Nilitaka kusema, jamani, hata muziki wa Mluguru unajikwaa, umelewa! Ukajikwaa mara ya kwanza nikacheka moyoni. Ukajikwaa tena. Nikawa nasubiri ujikwae. Kisha nikawa naomba usijikwae, maana kila ukisita nilikuwa nahisi hautaanza tena. Nimeshona nguo za harusi, nimeshona sanda, sijawahi kukaa na mtu karibu namna ile. Na filamu ilipokuwa inakwenda mwisho nikagundua haujikwai tena. Nikafurahi. Da' Mwanne, nilifurahi! Nikasema, amepona."

Akaficha uso kwenye suruali ya mtu.

Nilikaa naye pale. Wapita njia walitusalimia na kupunguza mwendo ili wasikie, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kumpa mtu habari.

"Twende," nikamwambia. "Mbuzi ni bora kuliko kimya."

*

Niliposimama mlangoni kwangu nilikuta watu wameshajaa. Sijui nani aliwaambia. Kwa Mji Mpya hilo si swali. Wamekuja na mito ya kukalia, mwingine na karanga. Kibanda changu hakijapata kujaa mchana wa Jumamosi hata filamu ikiwa mpya. Waliniita kwa heshima zote, mama, dada, shangazi, tufungulie.

Niliwafukuza. Wale waliokataa niliwamwagia maji ya kuoshea vikombe.

Ndani tulibaki watatu. Leokadia alishaondoka, alisema kazi yake imeisha na hii si kazi. Siwema alikaa benchi la tatu, pale walipokuwa wanakaa. Mihambo aliingia ameinamisha kichwa, hakusalimia. Alikaa benchi hilo hilo, ameacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Siwema akamfungulia pindo la kanga. Akaichukua shanga, akaibandika. Nikawasha mashine, nikakaa kwenye stuli yangu nyuma.

Treni ikatoka stesheni. Mihambo akafunga macho, akaanza kung'ong'a.

Alikuwa amesema kweli, sauti yake ni ya mbuzi. Ilipanda pasipopandika, ikakatika, akaikohoa, akaendelea. Lakini chini ya ile sauti kulikuwa na kitu. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi na wa chini, unakwenda mbele kidogo na kurudi, kama mtu anayetembea usiku huku anapapasa ukuta. Siwema alikaa wima, mikono mapajani, uso haueleweki. Daraja la kwanza likapita. Mihambo anaimba, mwendo umenyooka, gwaride.

Daraja la pili Siwema akaanza kugonga.

Aligonga benchi, pale katikati palipoachwa wazi. Ti, ti, ti, ti. Kimya. Titi. Mihambo akafungua macho. Wimbo ulikuwa unamvuta kwenda mbele, nilimwona anavutwa, lakini kidole kilipokaa kimya naye akakaa kimya, akashika pumzi. Kidole kikarudi, akarudi. Walikosana mara ya kwanza na ya pili. Kisha wakapatana. Yeye anatoa sauti, mke anatoa moyo, na mimi huku nyuma nywele zikanisimama, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nasikia muziki wa mtu mwingine kwenye kibanda changu, na mtu mwenyewe yuko chini ya udongo.

Dereva akagundua breki hazishiki. Hapo muziki wa watu wengine wote huwa unapanda. Wimbo wa Kobelo haukupanda. Treni ikafika stesheni ya kwao, mke akakimbia na chupa ya chai pembeni ya behewa, mikono imenyooshwa, na wanaume wazima huwa wanalia hapo. Wimbo ukabaki chini, unapapasa ukuta. Nilimwona Siwema ameinamisha kichwa. Nilijua anafikiri nini. Miaka tisa, nzuri. Hakuwa na kitu ndani kumbe.

Treni ikapita. Stesheni ikabaki tupu. Mwanamke wa kwenye filamu akakaa kwenye benchi la stesheni, hafanyi kitu. Ni sehemu ndefu, haina maneno, watu huitumia kwenda kujisaidia.

Na hapo wimbo ukapanda.

Mihambo hakuwa tayari. Sauti ilimkatika, akaikamata, akasimama ili aifikie. Ulipanda ukafunguka, ukawa mpana, haukupapasa tena, ulikuwa mtu ametoka nje kwenye mwanga. Na kidole cha Siwema, kinachoufuata mwili kilioujua, kikaanza kujikwaa haraka haraka, ti, titi, kimya, ti, kimya, titi.

"Hapa hakuna kitu," Siwema alisema kwa sauti kubwa. Alikuwa anamuuliza nani sijui. "Hapa filamu haina kitu! Mbona hapa?"

Nilishindwa kunyamaza. Sijawahi kuweza.

"Hapo huwa unalia wewe," nikamwambia. "Wenzako wanalia treni ikipita. Wewe unakuja kulia baadaye, pale anapokaa peke yake. Kila mara. Unavuta kanga unajifunika. Na yeye hapo hakuwa anaangalia filamu, Siwema. Nimekaa kwenye stuli hii miaka yote nawaona migongo. Ikifika hapo anageuza kichwa. Alikuwa anakuangalia wewe."

Kidole kikasimama.

Mihambo aliendelea kidogo bila moyo wa kumshika, sauti inatetemeka juu huko, kisha wimbo ukashuka wenyewe ukarudi chini. Akakaa. Siwema alikuwa ameweka kiganja chote juu ya lile benchi, amekibana, kama unavyobana kidonda.

"Nilikuwa nahisi kidole chake kinavyokwenda mbio mkononi mwangu," alisema. "Nikadhani ni treni."

Kisha akasema, "Na ndipo palipokuwa panamuua. Kila Ijumaa."

Mihambo alikuwa bado anaimba, kwa sababu hakuambiwa aache. Aliimba mpaka mwisho, mpaka yale majina ya watu yanayopanda. Kidole hakikurudi. Sehemu ile ya mwisho ilitoka imenyooka, mwendo wa Mihambo mtupu, na wote watatu tulisikia pale ulipoacha kuwa wa Kobelo, ingawa hakuna atakayeweza kukuonyesha ni wapi.

Shuka likawa jeupe.

Mihambo aliivua shanga. Akaiweka kiganjani, akamnyooshea Siwema. Siwema akatikisa kichwa.

"Sasa ni yako."

"Shemeji, siwezi."

"Huwezi nini? Humo hamna mtu. Wewe mwenyewe ndiye uliyemo."

Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akanishukuru kwa mashine kama mgeni, akatoka kwa mlango wa nyuma ili asikutane na watu.

Nilimwambia Mihambo akae kidogo. Hakukaa. Nikamfuata, si kwa umbea, na hata kama ni kwa umbea Mungu ndiye anayejua. Nilimkuta amesimama uani kwa Siwema, mbali na mlango, pale ambapo mtu aliyekatazwa anaweza kusimama asiwe amekanyaga. Shanga bado iko mkononi. Komeo halikufungwa, mlango ulikuwa wazi, na tulimwona ndani amepiga magoti mbele ya jiko la mkaa, anasonga ugali. Alisonga kwa muda. Akaipua. Akafunua sufuria ya kisamvu, harufu ya nazi ikatufikia. Kisha akakaa tu akikitazama chakula.

"Mihambo," aliita bila kugeuka.

"Naam."

"Umesimama hapo unasubiri nini?"

"Sijui, shemeji."

"Mkono wangu haujajua kupunguza. Kila siku napima unga wa watu wawili, nasonga, nakula nusu, nusu namwaga. Eda nzima nimemwaga ugali." Alisukuma kigoda cha pili kwa mguu, kikaburuzika sakafuni mpaka upande wa pili wa sinia. "Leo nimechoka kumwaga. Nawa mikono, mtani. Ingia ule."